Fundisha chipu ya Wi-Fi kuamka kabla hujaifundisha kulala

Draiva yangu ya kwanza ya Wi-Fi, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia chipu, niliiandika nikiwaza betri tu. Chipu ilikuwa inakula umeme hata pasipopita pakiti, nami nikaona dawa ni moja: ilazwe upesi, ilazwe mara nyingi. Sehemu ya kuilaza niliimaliza kwa siku mbili. Sehemu ya kuiamsha ilinichukua wiki sita, na nyingi kati ya hizo ziliishia kwenye kusaka makosa niliyoyapanda mwenyewe katika zile siku mbili. Tangu hapo, kila anayeniuliza kuhusu umeme kwenye draiva za Linux namwambia aanze na kuamka.

Kabla ya yote, kuna mambo mawili yanayochanganywa sana: usingizi wa redio na usingizi wa kifaa. Usingizi wa redio umo ndani ya 802.11 yenyewe, yaani kiwango cha Wi-Fi. Kwa biti moja tu kwenye kichwa cha fremu, chipu huiarifu ruta kwamba inasinzia. Ruta humtunzia pakiti zake, na katika kila bikoni, tangazo lake la mara kwa mara, husema nani ana mzigo unaomngoja. Kwa kawaida bikoni hutoka kila baada ya vipimo 100 vya mikrosekunde 1,024, yaani milisekunde 102.4. Chipu ikisikiliza bikoni moja katika kila tatu, pakiti inaweza kungoja karibu milisekunde 307. Ndiyo sababu mtu aliyeingia kwenye mashine ya mbali kwa ssh huona herufi zinachelewa kutokea, kisha akiandika iw dev wlan0 set power_save off mambo yanatulia. Hapo draiva haijakosea, na mara nyingi fimwea, programu iliyo ndani ya chipu yenyewe, ndiyo inayoisimamia kazi hiyo.

Usingizi wa kifaa ndio unaotesa. Hapa chipu nzima inakatiwa saa, inashushiwa volteji, au kama imeunganishwa kwa PCIe inapelekwa D3, hali ya usingizi mzito. Kerneli, kiini cha Linux, haijui chipu yako huamkaje. Inachokupa ni hesabu ya watumiaji: pm_runtime_get_sync huiongeza, pm_runtime_put_autosuspend huipunguza, na ikifika sifuri, muda wa subira ukapita, draiva yako inaitwa iilaze chipu. Ukitazama juujuu ni jambo jepesi sana.

Mashine yangu ilianza kuganda. Haikuwa kila siku, na haikuwahi kuganda nikiwa naitazama. Kumbe laini ya intarapti, ishara ambayo kifaa huitumia kuiita kerneli, ilikuwa ya pamoja kati ya chipu yangu na kifaa kingine. Kifaa kile kikipiga kelele, kerneli inawaita wote walio kwenye laini, draiva yangu ikiwemo, hata kama chipu imelala fofofo. Draiva ilikuwa inasoma rejista ya hali, yaani namba ndani ya chipu inayoonyesha hali yake, ili kujua kuna tukio gani. Chipu iliyo D3 haijibu, na kwenye mashine ile usomaji usio na jibu hurudi ukiwa biti zote ni moja: 0xffffffff. Sasa tazama draiva inavyoielewa namba hiyo. Kila biti inamaanisha tukio, kwa hiyo yote yametokea kwa pamoja: fremu imepokelewa, fremu imetumwa, fimwea imeanguka, joto limepita kiasi. Ikaenda kusoma orodha ya bafa za kupokelea, huko nako ikakutana na 0xffffffff kama idadi ya fremu, ikaanza kuzihesabu, na mashine ikaganda.

Nilipoiona namba hiyo kwenye logi kwa mara ya kwanza nilishika tama kwa muda mrefu. Tiba ina sehemu mbili, na zote zinahitajika. Ya kwanza, anayeshughulikia intarapti akisoma 0xffffffff arudishe IRQ_NONE, yaani "si yangu", papo hapo. Ya pili ni mpangilio wa kulala: simamisha foleni za kutuma, ngoja zilizokwisha kuondoka zithibitishwe, iarifu fimwea, ziba intarapti ndani ya chipu, ita synchronize_irq ili aliyekwisha kuingia amalize, ndipo uguse umeme. Na usitegemee kwamba kila mahali utapata namba hiyo ya huruma. Kwenye bodi nyingi za ARM, kugusa rejista ya kifaa kisicho na saa kunaweza kuangusha mfumo mzima hapo hapo.

Kosa langu la pili lilikuwa la kungojana. Nilikuwa na kazi kwenye foleni iliyosoma nguvu ya mawimbi kila baada ya sekunde chache. Kama ilivyo sahihi, ilianza kwa pm_runtime_get_sync ili chipu iwe macho. Na kwenye njia ya kulala, kama nilivyodhani ni sahihi vilevile, niliweka cancel_work_sync ili kazi hiyo isiendelee chipu ikiwa imezimwa. Siku moja vyote viwili vikaangukia milisekunde ileile. Kazi imeomba chipu iamke, inangoja kulala kuishe kwanza. Kulala kunangoja kazi iishe kwanza. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake, na baada ya dakika mbili kerneli ikaandika kwamba kuna mchakato umekwama. Nadhani mtego huu ndio unaowanasa watu wengi kuliko wote, kwa sababu kila mstari ukiusoma peke yake hauna kasoro. Kama kazi inamwamsha mtu, usiisubiri ndani ya njia ya kumlaza. Iache ishike hesabu yake. Ikiwa imeshika, kulala hakutaanza, na hilo ndilo ulilolitaka toka mwanzo.

Hesabu nayo huvuja. Amri ya kuskani, yaani kutafuta mitandao iliyo karibu, ilirudi na kosa kwa sababu fimwea ilikuwa na shughuli nyingine, kitendaji changu kikarudi mapema bila kuita put, ile inayoipunguza hesabu. Tangu dakika hiyo chipu haikulala tena hadi mashine ilipowashwa upya, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotoka, betri tu inapungua. Ongeza na tabia ya pm_runtime_get_sync: huongeza hesabu hata ikishindwa kuamsha, na hurudisha 1 kama kifaa tayari kiko macho, hivyo anayeandika "kama si sifuri basi imeshindwa" anakosea mara mbili. Tangu kerneli 5.10 kuna pm_runtime_resume_and_get, ambayo hujisafisha ikishindwa na hurudisha sifuri ikifaulu. Kwenye draiva mpya situmii nyingine.

Mashine nzima inapolala mambo yanageuka. Swali la kwanza ni kama chipu itabaki na umeme. Kwenye SDIO, muunganisho wa aina ya kadi ya SD, lazima uombe mwenyewe kwa MMC_PM_KEEP_POWER, na draiva inayosimamia muunganisho huo inaweza kukataa. Umeme ukikatika fimwea imepotea, na utaamka na chipu isiyojua hata jina lake. Wengi huandika njia ya kubaki na umeme kwanza kwa kuwa ndiyo ya haraka, kisha njia ya kupakia fimwea upya huwa kama ya dharura, isiyojaribiwa kamwe. Mimi naigeuza. Naandika draiva kana kwamba umeme hukatika kila mara, naijaribu hadi niiamini, ndipo naongeza njia ya mkato. mac80211, sehemu ya kerneli inayosimamia Wi-Fi, imelitarajia jambo hili: kitendaji chako cha kuamka kikirudisha 1, yenyewe inapitia uanzishaji wote upya na kurudisha mipangilio. Ni msaada mkubwa ambao sikuujua kwa muda mrefu, nikawa naandika kwa mkono yale ambayo tayari yapo.

Kuhusu kupima, usipime kwa subira ndefu. Subira ya sekunde mbili huficha kila kitu, kwa sababu chipu hailali wakati wa shughuli. Ninaweka 1 kwenye autosuspend_delay_ms, yaani subira ya milisekunde moja, chipu inalala na kuamka mamia ya mara, na makosa ya kungojana ambayo yangejitokeza baada ya miezi hujitokeza kabla ya chakula cha mchana. Kwa kulala kwa mashine nzima, anza na kuandika devices kwenye /sys/power/pm_test, ambapo kerneli hulaza vifaa, hungoja sekunde tano, na kuviamsha bila kuzima mashine yenyewe. Ongeza no_console_suspend kwenye vigezo vya kuwashia kerneli ili logi zisikatike mahali unapozihitaji zaidi. Kisha ndipo rtcwake -m mem -s 15, inayoilaza mashine na kuiamsha baada ya sekunde 15, ndani ya kitanzi, na usiiache chipu bila kazi: data ipite, skani iendelee, na mara mojamoja uzime ruta mashine ikiwa imelala, ili iamke na kukuta mtandao haupo.

Kitanzi hicho nakiacha usiku kucha. Asubuhi nafungua dmesg, logi ya kerneli, kwanza, halafu nazima kiolesura cha Wi-Fi na kusoma runtime_usage, faili yenye ile hesabu ya watumiaji, inayoonekana kerneli ikiwa imejengwa na CONFIG_PM_ADVANCED_DEBUG. Inatakiwa iwe sifuri. Ikiwa ni moja, narudi kwenye kila return iliyo katikati ya get na put, nazisoma moja baada ya nyingine, na sigusi kitu kingine hadi nimpate aliyesahau.