Kabla hujapasua dume wa mdudu, jua ametoka wapi

Jamani wadogo zangu, naona bado mnakusanya madume ya nzi wa maabara kutoka chupa moja, wa leo na wa juzi wote humo humo, mnapasua, af mnakuja kuniuliza mbona tezi saidizi (tezi za uzazi za dume, zinazotoa ute unaoenda na mbegu) za huyu zimejaa na za yule zimenywea. Nawapenda ila hili tuliache sasa.

1. Andika umri wa dume na kama ameshapanda. Hili limetuumiza wengi, mimi nikiwemo. Nilikuwa na vipande safi kabisa vya tezi ya Drosofila (nzi mdogo wa matunda) vya kuangalia kwa darubini ya elektroni, rangi imekaa, utando wa seli haujachanika popote, nikaona tezi moja imejaa ute na nyingine karibu tupu, basi nikaandika kurasa kibao kwamba hizo ni aina mbili tofauti za tezi. Kumbe hakuna aina mbili! Dume akitoka kwenye pupa tezi haijajaa, inajijaza taratibu siku za mwanzo, na akipanda majike mfululizo inapungua kwa sababu ule ute unaingia kwa jike, ndani yake kuna peptidi (protini fupi) inayomfanya jike atage zaidi na kumkataa dume anayefuata. Sasa yupi alikuwa bikira, yupi ametoka kupanda? Hakuna aliyeandika. Bloku (vipande vya plastiki vyenye tezi ndani) nzuri vile, zote zikatupwa, na iliniuma mno.

2. Pasua ndani ya bafa (maji ya chumvi yasiyodhuru seli), shika mfereji unaotoka kwenye tezi, usiishike tezi yenyewe. Glutaraldehaidi, dawa ya kukaza seli zisioze, iwe tayari pembeni. Osmiamu, dawa nyingine ya kukaza yenye mvuke wa sumu, ni ndani ya kabati la kuvuta hewa tu, sirudii.

3. Kipande cha nanomita 70 sio seli nzima. Kila wiki kuna mtu anaandika "kiini kimoja" wakati seli za tezi hii ya Drosofila zina viini viwili, kisu kimepita kwenye kimoja tu. Halafu kila tawi la tezi lina seli kuu kama 1000 na seli za aina ya pili kama 40; hizi za pili zina vakuoli (vifuko) kubwa, na zimekaa kuelekea nchani, kwa hiyo ukikata karibu na shina utaapa hazipo. Anza na vipande vinene, vipake rangi ya toluidini bluu, fika hadi nchani.

4. Ukipaka sitreti ya risasi (rangi ya vipande vya darubini ya elektroni) usiipumulie.

5. Drosofila sio wadudu wote. Tenebrio (mende wa unga) ana jozi mbili za tezi hizi, za umbo la haragwe na za mrija, nyenje ana vijirija rundo zima. Ukipata mdudu mgeni angalia utando wa ndani wa tezi kwanza, ukikuta kyutikali (gamba kama la ngozi ya mdudu) ujue tezi hiyo imetokana na ektodemu (tabaka la nje la kiinitete), ndo uanze kuhesabu aina za seli.