Maswali ya Wasomaji: Ndege Mbili, Njia Moja ya Kutua

SWALI: Ndege tuliyopanda ilikuwa imebakiza kidogo tu iguse ardhi, mara ikanguruma na kupaa tena. Rubani akatangaza kuwa njia ya kutua ilikuwa bado na ndege nyingine. Je, tuliponea chupuchupu?

JIBU: Hapana. Kupaa upya ni hatua ambayo marubani huifanyia mazoezi, na huamuliwa wakati nafasi bado ipo. Swali zuri zaidi ni kwa nini nafasi ilipungua.

Karibu na uwanja, mwongoza ndege mwenye rada kwa kawaida hutenganisha ndege kwa maili 3 za baharini, au kwa futi 1,000 za kimo. Zikishajipanga kwenye mteremko mmoja, ambao mara nyingi ni wa digrii 3, kinacholindwa ni zile maili. Kwa mwendo wa noti 140, yaani maili 140 za baharini kwa saa, maili 3 ni sekunde 77. Ndani ya sekunde hizo ndege ya mbele iguse, ifunge breki, ikate kona na kutoka. Sekunde 50 hivi humtosha rubani mwepesi. Akipitiliza mchepuko wa kwanza wa kutokea, akiba yote imeliwa.

Tena mlaji mkubwa wa nafasi ni mwendo. Ya mbele ndiyo inayofika mwanzo, basi ndiyo inayopunguza mwanzo. Ikishuka hadi noti 130 na ya nyuma bado iko 170, inapotea maili 1 kila baada ya sekunde 90, na hapo hakuna aliyekosea! Ndiyo maana marubani huambiwa washikilie mwendo fulani, tuseme noti 160, mpaka wabakize maili 4. Anayepunguza mapema kimyakimya huwaharibia wote walio nyuma yake.

Nyuma ya ndege nzito maili 3 hazitoshi kabisa, kwa sababu ya kisulisuli kinachoachwa na mabawa yake: ndege ya uzito wa kati hupewa maili 5, nyepesi 6.

SWALI: Si kuna chombo ndani ya ndege cha kuzuia migongano?

JIBU: Kipo, kinaitwa TCAS. Husoma ishara za transponda, yaani redio zinazojibu rada, za ndege nyingine, hutoa tahadhari, kisha amri: panda, au shuka. Lakini amri ya kushuka hukatwa chini ya futi 1,100 hivi kutoka ardhini, na chini ya futi 1,000 hivi amri zote hunyamaza, maana rubani asije akakwepa ndege akagonga ardhi. Hapo chini tunategemea macho, redio na mnara wa waongozaji.

Juu ya kimo hicho, amri ya chombo hushinda ya mwongozaji. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, ndege mbili zikiwa bado safarini, marubani wa moja walitii mwongozaji aliyesema shuka ilhali TCAS yao ilisema panda. Nyingine ilikuwa ikishuka kwa amri ya TCAS yake. Walikufa watu 71.

SWALI: Najifunza urubani kwenye uwanja usio na mnara. Wawili tukifika pamoja, nani atangulie?

JIBU: Aliye chini zaidi. Ila kanuni hiyohiyo inamkataza kujipenyeza mbele ya aliyekwisha kuingia hatua ya mwisho ya kutua.

Hatari kubwa ni hii: ndege yenye mabawa chini ya kiwiliwili inashuka juu ya ile yenye mabawa juu ya kiwiliwili. Wa juu amezibwa na bawa lake, wa chini naye kadhalika, na wote wawili wamekazia macho njia ya kutua. Kwa hiyo anza kusikiliza redio maili 10 kabla, taja mahali, kimo na nia yako, washa taa za kutulia. Kabla ya kona ya mwisho, kama mabawa yako yako juu, inua kwanza bawa la upande unaokatia, utazame mbali kwenye mstari wa kutua, upande wa pili pia.

Anayekuja moja kwa moja kwa kasi ndiye wa kuchungwa zaidi. Huko Watsonville, California, tarehe 18 Agosti 2022, ndege ya injini mbili iliipata kwa nyuma ndege ndogo, Cessna 152, iliyokuwa ikitua. Marubani walikuwa wakitangaza redioni. Watu 3 walikufa. Ukisikia sauti ya mwenzako na bado humwoni, usikate kona ya mwisho. Nyoosha mbele, mwulize amebakiza maili ngapi.