Simuungi mkono Condoleezza Rice, lakini namvulia kofia

Dada, umeuliza kama inawezekana kumhusudu mwanasiasa mwanamke mweusi huku misimamo yake ikikuchoma roho, na hapo juu umeshajibiwa kwamba huo ni unafiki. Mimi nasema inawezekana. Wangu ni Condoleezza Rice.

Nianze na ninayompinga. Akiwa mshauri wa usalama wa taifa wa Rais Bush, aliipigia debe vita ya Iraq tangu 2002, akiwatia watu hofu ya wingu la bomu la nyuklia. Silaha za maangamizi walizodai ziko Iraq hazikuonekana, na waliokufa hawarudi. Kisha 2009 taarifa ya Seneti ikaonyesha kwamba Julai 2002 ndiye aliyewafikishia CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ruhusa ya kumhoji Abu Zubaydah, mfungwa aliyeshukiwa kuwa wa al-Qaeda, kwa njia ambazo mimi naziita mateso. Kwetu Mombasa, nyumba ya Waislamu, jina lake lilitajwa kwa kulaaniwa tu.

Aprili 2004 nilikaa dukani kwa binamu yangu, saa kumi jioni, nikamtazama kwenye runinga akihojiwa na tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11. Richard Ben-Veniste, mjumbe wa tume hiyo, alimbana kuhusu waraka wa kijasusi aliopewa rais tarehe 6 Agosti 2001, akamtaka ataje kichwa cha waraka huo. Akakitaja: Bin Laden amekusudia kushambulia ndani ya Marekani. Pakanyamaza kidogo, kisha akaendelea kujitetea, hoja baada ya hoja. Hakunishawishi. Lakini sikuwa nimewahi kumwona mwanamke wa rangi yangu akibanwa hivyo mbele ya dunia nzima, sauti haipandi, mkono hautetemeki, tarehe zote zimo kichwani.

Binamu akasema, "Huyu katumwa tu na wazungu wake." Hapo ndipo tulipogombana, na hapo ndipo ninapogombana na baadhi yenu leo mnaomwita mtumwa wa nyumbani.

Huyu alizaliwa Birmingham, Alabama, 1954. Baba yake, mchungaji, alipokwenda kujiandikisha kupiga kura 1952, aliambiwa akisie idadi ya maharagwe ndani ya gudulia, hila ya kuwanyima weusi kura. Karani wa chama cha Republican ndiye aliyemwandikisha. Septemba 1963 wabaguzi walilipua kanisa na kuua wasichana wanne, na mmoja wao, Denise McNair, alikuwa mwenzake wa kucheza. Alikuwa asomee piano, akakutana na darasa la Josef Korbel, mwalimu wa chuo kikuu, kuhusu Urusi, akabadili njia. Mwenyewe alikuwa wa chama cha Democratic hadi 1982, akahamia Republican kwa sababu hakuridhishwa na Rais Carter alivyowakabili Warusi walipoivamia Afghanistan. Kukubaliana naye si lazima, lakini mtu wa namna hii anatumwa na nani? Ukisema katumwa, umemvua akili yake, na papo hapo umemwondolea dhambi ya Iraq. Mimi simwondolei. Aliamua mwenyewe, kwa kichwa kile kile ninachokihusudu.

Na Februari 2008 nilimtazama kwa macho mengine. Sisi Wakenya tulikuwa tunauana kwa ajili ya uchaguzi, zaidi ya watu elfu moja walikufa, na Kofi Annan alikuwa ameng'ang'ana na pande mbili Nairobi. Bush alikuwa ziarani Tanzania, akamtuma Rice, wakati huo waziri wake wa mambo ya nje, kwetu tarehe 18. Akaonana na Kibaki, akaonana na Raila, akawaambia waziwazi kwamba muda wa kuelewana ulikuwa jana. Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini tarehe 28. Sifa kubwa ni ya Annan, lakini siku ile nilifurahi kwamba aliyekuja kusema na wazee wetu alikuwa mwanamke mweusi asiyebabaika, na shangazi yangu, aliyekuwa akimlaani tangu Baghdad, alikaa kimya akasikiliza hadi mwisho.

Nafundisha historia, na wasichana wa kidato cha tatu huniuliza swali lako hili hili. Huwaonyesha video ya mahojiano ya 2004 yote, kisha nawapa kazi ya kumpinga kwa maandishi. Asiyezijua hoja zake vizuri, namrudishia daftari.