Usaili, mahojiano, dodoso, hojaji

SWALI: Nipo Newala, naandika tasnifu kuhusu chama cha msingi cha wakulima wa korosho: kilivyobadilika tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze (korosho huwekwa ghalani, mkulima akapewa stakabadhi, kisha zikauzwa mnadani), na viongozi wanavyopashana habari na wanachama. Niliandika: "Niliwafanyia usaili viongozi, na wanachama walijaza dodoso. Katibu alihojiwa kuhusu mizani." Msimamizi kakata "usaili", na juu ya "dodoso" kaandika "hojaji". Nimekosea, au ni ladha yake tu?

JIBU: Kwenye usaili, msimamizi ana hoja, ingawa wapo watafiti wanaolitumia. Masikioni mwa wengi anayesailiwa ni mwombaji wa kazi, na hao viongozi hawakuja kwako kuomba ajira. Andika mahojiano.

Dodoso ni ladha. Vyuoni hojaji imezoeleka zaidi, serikalini dodoso. Karani wa sensa ya 2022 alikuja na dodoso ndani ya kishikwambi, akauliza yeye, akajaza yeye. Kudodosa ni kuuliza kidogo kidogo mpaka mtu atoe alichonacho, kwa hiyo mimi karatasi ya kujijazia mwenyewe ningeiita hojaji. Si kanuni. Ila ukishachagua moja, usichanganye.

Msimamizi wako kaikosa sentensi ya tatu, nayo ndiyo yenye hatari. "Katibu alihojiwa kuhusu mizani": isome hiyo mbele ya wanachama Newala au Nachingwea uone watakavyotazamana. Mizani ya korosho ni ugomvi wa kila msimu, na "kuhojiwa" masikioni mwa watu ni polisi au TAKUKURU. Umeshamtia katibu wa watu hatiani kabla ya sura ya nne! Kosa halimo kwenye kitenzi chenyewe, limo kwenye kule kutendwa: anayehojiwa amewekwa kitako. Sema "nilifanya mahojiano na katibu kuhusu mizani", nyote wawili mkae meza moja. Hata ukienda kumwomba miadi, mwambie una maswali ya utafiti, usimwambie umekuja kumhoji.

Kwa kuwa unaandika kuhusu chama kubadilika, jihadhari pia na "mageuzi". Neno hilo lina mtu nyuma yake aliyeamua. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha, yale yalikuwa mageuzi, na hata stakabadhi ghalani ya 2007 unaweza kuiita hivyo. Lakini wanachama kuacha kusubiri tangazo ubaoni na kuanza kuulizana bei ya mnada kwa simu, hakuna aliyeliamuru. Hayo yaite mabadiliko.