Mafuta ya samaki kwa mtoto aliyechelewa kusema

Dada yangu wa Mikindani, pole kwa wasiwasi. Umeeleza kwamba mwanao wa miaka 3 bado haunganishi maneno mawili, na tangu uanze kumpa mafuta ya samaki anaharisha na kucheua harufu ya samaki. Hayo ndiyo madhara ya kawaida, na mara nyingi hupungua mafuta yakitolewa pamoja na chakula au kipimo kikipunguzwa. Lakini akitoka vipele, akivimba midomo au akipumua kwa shida, acha mara moja umkimbize hospitali.

Kinachonitia hofu zaidi ni chupa yenyewe. Tafadhali soma lebo: ikiwa ni mafuta ya ini la samaki, yana vitamini A, ambayo hujilimbikiza mwilini, na kwa mtoto wa miaka 1 hadi 3 kiwango cha juu ni mikrogramu 600 kwa siku. Ikizidi kwa muda mrefu huleta kutapika, kuumwa kichwa, ngozi kukauka, hata kudhurika kwa ini. Usichanganye na vitamini nyingine kabla ya kumwuliza mfamasia.

Ushahidi kwamba mafuta hayo humfanya mtoto aseme ni mdogo mno, nami nisingependa yakucheleweshe. Mpeleke hospitali ya Ligula, uombe utaratibu wa kupimwa usikivu, kwa sababu mtoto anayegeuka mlango ukibamizwa bado anaweza asisikie vizuri sauti za maneno. Omega-3 yenyewe, yaani aina ya mafuta muhimu iliyomo ndani ya mafuta ya samaki, ataipata kwenye vibua na dagaa wa sokoni, mradi umtolee miiba.