Taa za chumbani zimegoma

SWALI: Shikamoo fundi. Juzi nimesasisha programu ya kitovu kinachoendesha taa za nyumba nzima. Tangu hapo za sebuleni zinaitika, za chumbani zinagoma. Kitovu kiko juu ya ruta, ndipo palipo na nafasi. Nikirudishe kama kilivyotoka dukani?
Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Usithubutu! Utaunganisha upya taa moja moja. Mimi niliwahi kumaliza Jumamosi nzima juu ya ngazi. Ninayemshuku ni hiyo ruta. Zigbee ya taa (mtandao wa redio ambao kitovu hutumia kuongea na taa) na Wi-Fi ya ruta zote zinatumia gigahezi 2.4, kwa hiyo zinapigiana kelele. Kisogeze kitovu mita mbili hivi, hata kama ni kwa kununua waya mrefu zaidi. Kisha weka Wi-Fi chaneli 1, Zigbee 20 au 25 (namba zao hazifanani, usichanganyikiwe). Ukishabadilisha, zipe taa siku nzima zijipange, na swichi za ukutani ziache zimewashwa: taa hizi hupokezana ujumbe, na huenda ya koridoni ndiyo inayoufikisha chumbani. Watoto wakiizima ukutani, njia imekatika.

Safari ijayo hifadhi nakala ya mipangilio kwanza, na usisasishe umeme ukiwa unachezacheza. Changu nimekichomeka kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).