Kwa Vijana wa Field: Kabla Hamjawasha Skana

Kamwene wadogo zangu.

Jana nimechomeka eksitenal nikakuta folda inaitwa "picha mpya". Ndani yake kuna "picha mpya kabisa", na ndani ya hiyo "mpya kabisa final 2". Nikatoka nje, nikanywa chai, nikarudi. Kila kundi la field linalokuja kwenye jumba letu la sanaa hapa Iringa linafanya hivyo hivyo, kana kwamba mnarithishana. Nawapenda, lakini nimechoka kusema kwa mdomo. Someni.

1. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku: 1998-07-12, kisha namba ya bahasha, kisha namba ya picha. Kompyuta itapanga yenyewe. Siku haijulikani? Andika 1998-07, ishia hapo. Msikisie. Kuna mmoja aliona watu kwenye picha wamevaa makoti mazito, akaandika "Juni". Iringa hii! Nenda Gangilonga alfajiri ya Septemba uone kama utalivua koti.

2. Picha za karatasi ni TIFF (faili kubwa lisilopunguza ubora), dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Ya inchi 6 kwa 4 itakupa kama MB 26, na najua hapo ndipo malalamiko ya nafasi yanapoanza. TIFF haipandi mtandaoni, inakaa kwenye diski. Inayopanda ni JPEG, faili dogo lililobanwa, kwa hiyo bando lenu liko salama. Negativu ni habari nyingine: fremu ya filamu ya milimita 35 ina milimita 36 kwa 24 tu, na ukiiskani kwa dpi 600 unapata pikseli kama 850 kwa 570, picha ya kuweka kwenye profaili. Anzia 3,200. Na anayetuma kazi kwa WhatsApp atume kama dokumenti.

3. Bahasha. Hapa kaeni vizuri.

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa tranka la mwanzilishi wa jumba, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Lilijaa bahasha za kaki, nyingine zimeliwa na mende pembeni, kila moja na picha za maonyesho. Nikaona vurugu. Picha za onyesho moja zimechanganyika: vinyago, michoro, wageni, mtu anakula, mtu anapigilia msumari ukutani. Nikazipukuchua zote kama mahindi. Nikapanga upya kwa akili zangu: vinyago huku, michoro huku, watu huku. Meza ikapendeza. Bosi akapita akasema, "Sasa hapa pamekuwa ofisi." Bahasha nikazipeleka kwenye shimo la taka, nikawasha kiberiti.

Kinachouma ni kwamba maandishi niliyaona. Mzee yule alikuwa haandiki nyuma ya picha, kwa sababu kalamu inaacha mkwaruzo unaotokea mbele. Aliandika kwenye bahasha, kwa penseli, herufi ndogo zilizolala: onyesho gani, nani kaleta kazi, na chini yake "kuanzia kushoto", halafu majina. Nilisoma baadhi. Nikajiambia nitakumbuka. Mimi, ambaye sikumbuki nilipoacha miwani.

Miaka baadaye mchoraji mmoja mzee alikuja, nikamfungulia folda ya "watu". Kuna mama mmoja wa kitenge cha rangi ya kutu, anatokea kwenye picha tatu, kila mara mwisho kulia, mikono ina rangi hadi kwenye viwiko. Mzee akaisogelea skrini. "Huyu! Huyu alikuwa anatushinda wote." Nikashika kalamu. Anaitwa nani? Akafikiri mpaka chai ikapoa. "Sisi tulimwita Dada tu." Kwenye katalogi yetu ameandikwa "mwanamke, hajatambuliwa", na jina lake nililichoma mimi.

Kwa hiyo: ulivyoikuta ndivyo itakavyobaki. Bahasha inaskaniwa kwanza, mbele na nyuma, ndipo picha zilizomo, kwa mpangilio ule ule. Ukitaka kutenganisha vinyago na michoro, fanya kwenye katalogi kwa kuongeza safu ya mada. Na nikimkuta mtu anabandika selotepu kwenye karatasi iliyochanika, tutakosana.

4. Daftari la wageni lina doa kubwa la ulanzi ukurasa wa katikati. Msilisafishe, doa nalo lilihudhuria ufunguzi. Lakini safu ya namba za simu ifichwe kabla ya kupandisha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, hao watu walisaini kusifia michoro, hawakuomba kupigiwa na matapeli.

5. Mchoro tulionao ukutani ni wetu, hakimiliki ni ya msanii, akifa ni ya warithi. Ruhusa iandikwe na isainiwe. "Aliniambia sawa" si ruhusa, hasa aliyesema akiwa amekwisha kunywa.

6. Nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mji mwingine. Yetu iko Mbeya. Flashi ya shingoni si nakala.

7. Mahojiano. Usimuulize mzee "unakumbuka?", atajibu hapana kwa heshima tu. Mpe picha mkononi, ile ya karatasi, nyamaza. Akianza kucheka, ndiyo dakika ya kuwa umeshawasha kinasa sauti, maana wengi wenu huwasha baada ya kicheko. Akitaja jina, mwombe na la baba na la kijiji. Akina Juma tunao wengi.

Mzee wa Kihesa anakuja Alhamisi saa nne. Nimetoa bahasha 14 hadi 17, ziko kwenye droo ya juu, na nimezihesabu.